Bwana Lidgett, Alhamisi Zake na Kitenzi cha Wanywaji

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 1988, saa tisa alasiri, Bwana Ambrose Lidgett atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Nyumba ya Kamusi ya Haslam kwa miaka arobaini na mmoja na siku ishirini na tisa. Siku hizo ishirini na tisa nimezihesabu mwenyewe. Ofisi ya utumishi iliniletea karatasi iliyoandikwa "miaka arobaini na ushei", na mimi mambo ya ushei siyaamini.

Aliyenipa kazi ya kuandika wasifu huu ni mhariri mkuu wetu, Dkt. Rosalind Quayle. Alinikuta kwenye ngazi nikiwa nimebeba vitabu, yaani nikiwa sina pa kukimbilia. "Bi. Blamire, nataka kitu chepesi," akasema. "Watu wacheke, wapige makofi, tukate keki." Nikamwambia vitu vyepesi siviwezi. "Najua. Ndiyo maana nimekuja wiki tatu kabla."

Kwa wageni wa jarida hili, mimi ni Hester Blamire, mhakiki wa nukuu. Kazi yangu humu ndani ni kushuku. Msomaji wa kujitolea akituletea kadi, tuseme kutoka Whitby, yenye sentensi aliyoikuta katika kitabu fulani, ukurasa fulani, kila mtu hapa hufurahi isipokuwa mimi. Mimi hukitafuta kitabu, nikafungua ukurasa, nikaisoma sentensi kwa macho yangu, ndipo nikaandika herufi za jina langu kwa wino mwekundu kwenye kona ya kadi. Kadi isiyo na wino mwekundu haiingii kwenye kamusi. Nimefanya hivyo tangu mwaka 1964, na sasa siwezi hata kupokea salamu bila kujiuliza imetoka wapi.

Basi tuanze na yaliyothibitika. Bwana Lidgett alifika hapa Kirkholme Jumatatu ya tarehe mosi Septemba 1947, kwa baiskeli, akiwa amevaa suti ya baba yake. Inasemekana siku hiyo mvua ilinyesha sana. Nimeangalia gazeti la siku ile na mvua haikutajwa popote. Alitoka katika nyumba ya Wamethodisti wenye msimamo, na alipokuwa na miaka kumi na miwili alikula kiapo mbele ya kanisa kwamba kileo hakitapita kooni mwake. Kiapo hicho amekitunza. Hilo nimelichunguza kwa bidii kuliko mengine yote, kwa sababu nitakazozieleza, na sikupata pa kumshika.

Mzee Haslam, mwanzilishi wetu, alikuwa na utani wake wa kikatili. Alipomwona kijana asiyegusa pombe, akamkabidhi vitenzi vya mdomo vyote: kula, kutafuna, kulamba, na kila namna ya kunywa. Winnie Oldroyd, ambaye amekuwa akitupikia chai tangu enzi hizo, alimwonea huruma. "Mwanangu," alimwambia, "wamekupa kazi ya kueleza bahari na hawajakuruhusu kulowa miguu." Bwana Lidgett akajibu kwamba daktari wa wanawake naye hajawahi kuzaa. Winnie anasema tangu siku hiyo alimwekea biskuti mbili badala ya moja. Nilipomuuliza Bwana Lidgett akakana, akasema ilikuwa moja na nusu.

Ameandika maelezo ya maneno elfu kumi na moja na mia mbili. Lakini ukimtaja jina katika nyumba yoyote ya kamusi nchini, watu hutaja neno moja tu, quaff, yaani kugida kinywaji kwa moyo mweupe. Ni kitenzi cha kizamani. Kamusi zilizotangulia zilikieleza kwa maneno manne, "kunywa kwa mafunda makubwa", zikaendelea na mambo yao. Bwana Lidgett hakuridhika. Alisema punda naye hunywa kwa mafunda makubwa, na hakuna aliyewahi kumwandikia punda kitenzi hicho.

Akaanza kwenda baa. Palikuwa na baa ya Nusu Mwezi, pale basi la kutoka Hull lilipokuwa linasimama, na hapo alikaa kwenye kona na glasi ya maji ya tangawizi akiwatazama watu makoo. Mwenye baa alivumilia wiki sita kisha akapiga simu ofisini. "Mna mtu wenu hapa," alisema, "hanywi, haongei, anawatazama wateja wangu shingoni. Wameanza kukohoa." Mzee Haslam alimjibu kwamba huyo ni mtaalamu. Mwenye baa akataka kujua ni mtaalamu wa nini hasa, na akaambiwa.

Alichorudi nacho ndicho kilichompa jina. Alisema kitenzi hiki kinadai vitu vitatu kwa pamoja. Cha kwanza ni chombo kikubwa, kwa sababu mtu mwenye kikombe kidogo cha maua, akijitahidi vipi, atakunywa tu. Cha pili ni funda kubwa, linaloonekana likishuka. Cha tatu ni moyo mkunjufu: anayekunywa kwa hasira, au kwa kusahau, au kwa sababu daktari amemwambia, hagidi. Kulewa hakumo. Mtu anaweza kugida na akarudi kwake amenyooka. Kwa kila dai kati ya haya matatu alipanga kadi mezani, za harusi, za wawindaji, za mabaharia waliofika nchi kavu, na kadi zote zilikuwa na wino mwekundu.

Kuhusu matumizi ya siku hizi alikuwa mkweli kupita kiasi. Aliandika kwamba neno linakufa, kwamba limebaki kwa waandishi wa habari za mvinyo na kwa watu wanaotaka kuchekesha kwenye hotuba za harusi, na kwamba katika miezi yake yote pale Nusu Mwezi hakulisikia hata mara moja. Alimsomea Winnie maelezo hayo kabla hayajachapwa. "Mimi na mume wangu Bert tunakunywa tu, Bwana Lidgett," Winnie akamwambia. "Hilo neno lako lina suti na tai. Lipeleke kwa wenye suti."

Mpaka hapa Dkt. Quayle angefurahi. Ningemalizia na saa ya ukutani atakayopewa, na keki. Tatizo ni kwamba nilianza kuhesabu.

Maelezo ya kitenzi hicho yalikamilika mwezi Mei 1967. Daftari la ofisi linaonyesha hivyo. Lakini Bwana Lidgett aliendelea kuondoka kila Alhamisi saa sita mchana, na mfuko wa kitambaa begani, na kurudi saa kumi na moja na nusu akinuka baa, hadi mwaka 1984. Hiyo ni miaka kumi na saba baada ya kazi kwisha. Sisi sote tulikuwa tukicheka na kusema, "Mzee amekwenda kwenye utafiti." Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza utafiti gani, mimi nikiwamo, na mimi ndiye ninayelipwa kuuliza. Sasa nikaanza kumshuku kwa dhati. Mwanamke? Wanywaji wenzake? Kiapo kilichovunjwa kimyakimya na kuoshwa kwa tangawizi? Niliongea na mwenye baa wa sasa, niliongea na mjane wa yule wa zamani. Wote wawili walisema kitu kilekile: alikuwa akishuka kwenye basi la kutoka Hull, anakunywa glasi moja ya tangawizi akisubiri mvua ipungue, anaondoka. Kumbe baa ilikuwa njia tu, na alikokuwa akienda kulikuwa mbele zaidi.

Wakati huohuo nilikuwa natafuta nukuu nzuri ya kupamba wasifu huu, na nikaenda kwenye sanduku la kitenzi chake. Huko nikaikuta kadi ya maji.

Sehemu ya mwisho ya maelezo ya Bwana Lidgett inasema kwamba kitenzi hicho, ingawa kwa kawaida ni cha bia na mvinyo, hutumika pia kwa maji safi. Hiyo ndiyo sehemu aliyoipenda kuliko zote. Nimemsikia akiisoma kwa wageni kwa sauti ya mtu anayesoma jina la mwanawe. Na sehemu hiyo nzima imesimama juu ya kadi moja. Kadi inasema wavunaji walikuja kisimani adhuhuri wakagida maji hadi ndoo ikagonga mawe ya chini, huku wakicheka. Chanzo kimeandikwa: shajara ya mkulima Jonas Threlkeld, iliyochapishwa kwa gharama yake mwenyewe mwaka 1811, ukurasa wa 46. Aliyeituma ni O. Fawdon.

Nikatafuta kitabu. Hull hawana. Leeds hawana. London walinipigia simu baada ya siku mbili, wakasema hawajawahi kuwa nacho na hawajui mtu wa jina hilo aliyewahi kuchapisha kitu. Nikafungua rejesta ya wasomaji wetu wa kujitolea, mia tisa na kidogo, na hamna Fawdon hata mmoja.

Nisiwafiche nilichowaza. Niliwaza kwamba mtu asiyegusa pombe, aliyepewa vitenzi vya walevi kwa utani, alikuwa amejitungia wavunaji wake na kisima chake ili na yeye apate nafasi kwenye neno. Niliona kila kitu wazi. Na nikaona pia maana yake. Toleo la pili la kamusi linakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu ijayo. Mtu aliyeghushi kadi moja hawezi kuaminiwa kwenye nyingine, na maneno elfu kumi na moja na mia mbili yangepaswa kufunguliwa upya, moja baada ya jingine, na yeye angetoka mlangoni na jina la mwongo baada ya miaka arobaini na mmoja. Kwa siku tatu nilimtazama akila mkate wake wa jibini na kachumbari, nikawa najiuliza mtu mwenye hila kama hizo anapata wapi hamu ya kula.

Kwenye kona ya kadi palikuwa na H.B. kwa wino mwekundu. Nikajiambia ameighushi na hiyo.

Hapa lazima nitaje kanuni ya nane ya nyumba hii, kwa wale ambao hawajaisoma tangu walipoajiriwa. Anayeweka herufi zake kwenye kadi bila kukiona kitabu anaondoka kazini ndani ya siku kumi. Haina vifungu vya chini. Mara ya mwisho ilitumika mwaka 1974 kwa Desmond Tranter, msaidizi wangu, aliyesaini kadi moja kwa sababu maktaba ilikuwa imefungwa na alikuwa na uhakika na sentensi. Sentensi ilikuwa sahihi. Ukurasa ulikuwa sahihi. Aliyemripoti ni mimi. Kwenye kikao Bwana Lidgett alimtetea kwa nusu saa nzima, hadi sauti ikamkauka. Mimi nilizungumza dakika mbili, nikashinda. Tranter alikuwa na mtoto wa miezi minne.

Nikaenda kwa Bwana Lidgett siku ya Jumatano, baada ya chai ya alasiri. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Kadi nilikuwa nayo kwenye bahasha. Nikaiweka mbele yake juu ya karatasi zake, na wala sikuketi.

"Kitabu hiki hakipo," nikasema.

Aliisoma kadi polepole ingawa nadhani aliijua kwa moyo. "Hakijapatikana," akasema. "Hakipo na hakijapatikana ni vitu viwili, Bi. Blamire. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Fawdon hayumo kwenye rejesta."

"Hayumo. Kadi ilikuja kwa posta bila barua. Nilimwandikia mara nne kwa anwani ya nyuma ya bahasha, barua zikarudi."

"Na herufi zangu je? Zilikuja nazo kwa posta?"

Akavua miwani. Nilidhani anatafuta uongo wa kunipa. Nilikuwa nausubiri, tena kwa hamu, sitaki kujisafisha.

"Kadi imehakikiwa lini?" akauliza.

"Tarehe tisa Machi 1966. Imeandikwa hapo."

"Na wewe tarehe tisa Machi 1966 ulikuwa wapi?"

Nikaitazama tarehe ile. Mtu akinisikia nikisema kwamba nilikuwa nimesahau, asiniamini. Sikusahau. Nilijizoesha kutokumbuka, na hilo huchukua nguvu nyingi zaidi. Mwezi ule mama yangu alikuwa anakufa, chumba cha mbele, na mimi ndiye pekee aliyekuwa naye. Juzuu ilikuwa inachelewa. Nilikuwa nabeba kadi nyumbani kwenye kikapu cha sokoni, nakaa kando ya kitanda, na mama akipata usingizi ninasaini. Nilisaini moja baada ya nyingine. Hakukuwa na kitabu hata kimoja katika chumba kile isipokuwa Biblia yake. Nilijiambia nitarudi kuzihakiki baada ya mazishi. Baada ya mazishi kadi zilikuwa zimekwisha kupangwa kwenye masanduku, nami nikawa mtu mwingine, mtu mkali sana.

"Ulirudisha kadi mia mbili na kumi na mbili kwa siku tisa," Bwana Lidgett akasema. "Mtu hodari huhakiki kumi na tano kwa siku. Na hukuwa umeazima kitabu popote, niliangalia fomu. Unadhani humu ndani ni wewe peke yako unayeshuku?"

"Ulijua."

"Nilishuku. Kujua kulichukua muda."

Akafungua droo ya chini, akatoa daftari la kijani na kulisukuma upande wangu. Nililifungua nikiwa bado nimesimama. Kadi zangu zote zilikuwa mle, kwa namba, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Mbele ya kila kadi pana tarehe, na kila tarehe ni Alhamisi. Mbele ya tarehe pana jina la maktaba: Hull, York, Hull, Hull, nyumba ya kasisi fulani, ghala la mnada, Hull. Vitabu vingine alivifuata mara tano, mara sita, mpaka mwenye nacho akamfungulia mlango. Kadi kumi na tatu alikuta zimekosewa tarakimu au neno, na amezisahihisha kimya kwa penseli. Mbele ya kadi mia mbili na kumi na moja pana alama ya vema. Mbele ya kadi ya Threlkeld pana orodha ya tarehe inayojaza kurasa nane, na hakuna alama. Tarehe ya mwisho ni ya Novemba 1984, goti lake lilipokataa ngazi za basi.

Nikaketi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kazi siku ileile. Nakufahamu. Na mazishi yenyewe yalikuwa hayajatimiza wiki." Akasafisha miwani iliyokuwa safi. "Nilipanga nizimalize zote, halafu nikupe daftari tucheke. Sikutegemea kwamba Threlkeld angenisumbua. Kisha akaja Tranter, na baada ya Tranter, niambie mwenyewe, ningeanzia wapi?"

Nilijua angeanzia wapi. Angesimama kwenye kikao kile cha 1974 na daftari la kijani mkononi, na Tranter angebaki. Badala yake alizungumza nusu saa bila kutaja kitu kimoja ambacho kingemaliza mazungumzo. Alinitazama nikimfukuza mtu kwa kadi moja, hali yeye alikuwa na kumi na saba za kwangu bado hazina alama. Niliangalia daftari, ndivyo zilivyokuwa siku ile, kumi na saba.

"Ningeweza kuifuta sehemu ya maji," akasema. "Ni kosa langu, usilichukue hilo nalo. Kuifuta ningepaswa kusema kwa nini. Na pia nilikuwa naipenda. Nimekunywa maji kwa furaha maisha yangu yote, Bi. Blamire, ila sina ushahidi."

Niseme wazi kilichonipata, maana hapa kwetu watu hufa bila kusema. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Na chini ya aibu nilikasirika, nikamkasirikia yeye, kwa sababu kuvumiliwa kimya kwa miaka ishirini na miwili na mtu uliyekuwa unamshuku hata kwa hesabu ya biskuti ni jambo gumu kulisamehe. Nikamwambia hivyo. Akasema anaelewa, na akaniuliza kama nataka chai nyingine. Nilikubali.

Asubuhi ya Alhamisi nilipeleka kadi, daftari na maelezo yangu kwa Dkt. Quayle. Alisoma vyote akiwa amesimama dirishani. Ni mwanamke mwema na ana kamusi ya kupeleka kwa mpiga chapa.

"Mwaka sitini na sita," akasema. "Nilikuwa shule ya msingi. Bi. Blamire, tuitoe kadi, tufute mstari wa maji, daftari lirudi kwenye droo ya Ambrose aende nalo nyumbani. Kadi zote nyingine ni safi. Nani ameumia?"

"Desmond Tranter."

Akalifunga daftari. Akasema kwamba kanuni hiyo haijawahi kufikiriwa kwa ajili ya jambo la zamani hivi. Nikamwambia nimeisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote katika jengo hili na haisemi chochote kuhusu zamani. Kama kadi zile zingekuwa za mtu mwingine ningeshazileta mezani kwake kabla ya saa nne, na yeye anajua hivyo. Akasema anajua. Akaniomba nifikirie hadi jioni, nikafikiria, na jioni nikarudi na jibu lilelile.

Bwana Lidgett nilimwambia mwenyewe. Akaiweka kalamu chini. Kisha akasema, "Basi kwenye huo wasifu wako usiniandike malaika. Andika kwamba niliacha mstari usio na ushahidi kwenye kamusi miaka ishirini, nikijua." Nimeandika. Wasomaji wameona. Sehemu ya maji haitakuwamo katika toleo la pili, na penseli iliyoifuta ilikuwa yake. Hakutaka mtu mwingine aishike kazi hiyo. Akanionyesha ukurasa ulipokwisha, umebaki bia na mvinyo na watu wa harusi, na akaniuliza kama sasa nimeridhika. Nikamwambia nimeridhika. Ni kweli, na iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Nimemwandikia pia Desmond Tranter. Nilitafuta anwani yake kwa siku mbili, na nikaihakiki. Jibu halijaja, wala sina haki ya kulidai.

Dkt. Quayle ameyasoma haya yote na ameruhusu yachapwe kama yalivyo, baada ya kunihamishia koma mbili. Alisema hayafanani na wasifu wowote aliowahi kuusoma. Kwa niaba ya nyumba hii, basi, namshukuru Bwana Ambrose Lidgett kwa maneno elfu kumi na moja na mia mbili, kwa miaka arobaini na mmoja na siku ishirini na tisa, na kwa uvumilivu aliokuwa nao kwa kila mtu aliyempa kazi isiyomfaa. Bustani yake imsubiri, goti lake litulie, na kila asubuhi imkute na jambo la kuchunguza ambalo halina haraka.

Mtakapokusanyika Ijumaa saa tisa, glasi mkononi, mhesabu vizuri, kwa sababu mmeambiwa mnamuaga mtu mmoja na mtakuwa mnawaaga wawili. Wa kwanza alinyamaza miaka ishirini na miwili ili wa pili abaki na kazi yake. Wa pili ni mimi. Uwe na maisha mema, Bwana Lidgett, na unisamehe, nakuomba mbele ya wote waliosoma mpaka hapa.